Jembe uma, bomba na chupa ya glaifoseti: kipi kinamaliza gugu lipi kwenye bustani ya nyumbani

Ukiingia duka la pembejeo ukasema unataka dawa ya majani, mara nyingi utapewa chupa kabla hujaulizwa ni majani gani. Fedha huanza kupotea hapo. Dawa iliyokausha ukoka wa jirani yako huenda isiitikise kongwe hata kidogo, na jembe linalomaliza mashona nguo kwa asubuhi moja ndilo hilo hilo linalozidisha ndago mara tatu. Tunavipitia hapa vitu vinne ambavyo mwenye bustani huvinunua kupambana na magugu: jembe uma, jembe la kusukuma, glaifoseti ya maji (dawa ya kuua magugu), na bomba la kupulizia la mgongoni la lita 16. Parakwati na 2,4-D, dawa nyingine mbili za magugu, tutazigusa pia, maana zinakaa rafu moja na glaifoseti.

Hukumu yetu tunaitoa mapema. Kwa kiwanja kisichozidi mita 20 kwa 20, jembe uma zuri linashinda chupa yoyote, isipokuwa pale sangari au ukoka umekwisha kutawala eneo zima. Glaifoseti ina kazi yake, ni kazi moja, na inaharibika kwa makosa madogo kuliko wengi wanavyodhani. Parakwati isiingie nyumbani kabisa.

Chimbua mmea mmoja kwanza

Usitambue gugu kwa majani peke yake. Chukua panga, chimbua mmea mmoja mzima na bonge lake la udongo, uoshe, utazame chini kuna nini. Zana utakayonunua inategemea unachokiona hapo.

Ndago (Cyperus rotundus) hufanana na nyasi, ila ukilizungusha shina la ua kati ya vidole utasikia pembe tatu, na majani yametoka katika safu tatu. Ua lake ni kahawia inayoelekea zambarau. Chini kuna viazi vidogo vigumu vilivyofuatana kama shanga kwenye uzi, vingi vikiwa ndani ya sentimita 15 za juu, vingine vikishuka zaidi. Kiazi cha mwanzo kikiwa hai, vile vingine kwenye mnyororo hulala. Ukiukata mnyororo kwa jembe bapa, kila kiazi kinapata ruhusa ya kuchipua. Ndiyo maana kitalu kilicholimwa vizuri wiki iliyopita leo kimejaa ndago kuliko kabla ya kulimwa. Ipo ndago nyingine yenye ua la manjano (Cyperus esculentus), ambayo viazi vyake hukaa kimoja kimoja kwenye ncha ya kishina na ni vitamu. Vya ile ya kwanza ni vichungu.

Sangari (Digitaria abyssinica) ni ya nyanda za juu zaidi, na wakulima wa kahawa na chai wanaifahamu vizuri mno. Vishina vyake vya chini ni vyeupe, vigumu, vyenye pingili nyingi na ncha inayotoboa hata kiazi mviringo. Ukoka (Cynodon dactylon) unatambaa juu na chini kwa pamoja. Kwa magugu haya mawili kanuni ni moja: pingili moja iliyobaki ardhini ni mmea mpya.

Kongwe (Commelina benghalensis) ndiyo inayodanganya watu wengi. Ina majani mapana kidogo, maua ya buluu, na vinywele vyekundu pale jani linapolikumbatia shina. Hutoa mbegu juu kama mimea mingine, lakini pia hutoa maua madogo chini ya udongo yasiyofunguka kamwe, nayo yana mbegu zake. Ukiifyeka, mbegu za chini zimebaki. Ukiing'oa ukaiacha kitaluni na mvua ikanyesha, kila kipande cha shina kinatoa mizizi.

Mashona nguo (Bidens pilosa) na mchicha pori hayana siri yoyote. Ni ya msimu, mzizi wake ni mfupi au umenyooka, hayana kiazi wala kishina cha kutambaa. Nguvu yake yote iko kwenye mbegu, maelfu kwa mmea mmoja. Yatoe kabla ya kuchanua na umemaliza.

Matatu ya kushika kwa tahadhari

Gugu karoti (Parthenium hysterophorus), ambalo kwa Tanzania liliripotiwa Arusha mwaka 2010, lina majani yaliyochanika kama ya karoti na maua madogo meupe yenye pembe tano. Utomvu wake na chavua yake huleta muwasho mkali wa ngozi na kubana kwa kifua, hasa kwa mtu anayeligusa mara kwa mara. Mnanaha (Datura stramonium) una ua jeupe au la zambarau lenye umbo la tarumbeta na tunda lenye miiba; una sumu kuanzia mizizi hadi mbegu, na kidole chenye utomvu wake kikigusa jicho, mboni hupanuka na kuona kunavurugika. Mbaruti (Argemone mexicana) una majani yenye miiba na mistari myeupe, ua la manjano na utomvu wa manjano. Mbegu zake zikichanganyika na nafaka au mbegu za mafuta zinadhuru.

Kwa haya matatu vaa shati la mikono mirefu na glavu za mpira zisizopitisha maji. Za kitambaa hunyonya utomvu na kuukalisha ngozini, bora hata usivae. Kwa gugu karoti ongeza barakoa. Ng'oa udongo ukiwa na unyevu, kabla ya maua, ukilishika shina chini kabisa ili mzizi mkuu utoke mzima. Likikatikia shingoni linachipua tena. Likiwa limekwisha kuchanua, livike mfuko wa plastiki kwanza, ukate shina ukiwa umeufunga, halafu uchimbe mzizi. Usiwape mbuzi, usilitupe kwenye mboji. Nguo za kazi hiyo zifuliwe peke yake.

Jembe uma

Hili ndilo tunalolipa alama ya juu. Meno yake yanapita katikati ya vishina na viazi bila kuvikata, halafu yanainua bonge zima. Jembe bapa linafanya kinyume chake.

Tatizo ni ubora wa yanayouzwa. Mengi ya bei ya chini yana meno yaliyochomelewa kwenye pete ya mpini, na yanaachia pale pale kwenye maungio mara yanapokutana na jiwe au mzizi wa mwembe. Tafuta lililofuliwa kipande kimoja: hakuna mstari wa welding kati ya jino na pete, na pete yenyewe ni nene pande zote. Lining'inize kwenye kidole, uligonge kwa spana. Chuma kizuri hulia kwa sauti ndefu. Chenye ufa au kilichoungwa vibaya hutoa kishindo kifupi. Kisha weka ncha ya jino moja juu ya ukingo wa saruji, ulikandamize kwa mguu. Likipinda likarudi, chukua. Likipinda likabaki hivyo, mwachie mwenye duka. Meno manne ya sentimita 18 hadi 20 yanatosha. Matatu yanapitisha ndago nyingi mno. Kulikuwa na enzi ya majembe ya Ubungo Farm Implements na ya Zana za Kilimo Mbeya, na wazee wakiyashika ya leo huyapima kwa hayo.

Mpini hauji nalo mara nyingi. Chagua mti mgumu, uliokauka, wenye nyuzi zinazokwenda urefu wote wa mpini. Ukishaukaza, loweka kichwa cha jembe kwenye ndoo ya maji usiku kucha; mti unavimba ndani ya pete. Ukianza kulegea wakati wa kiangazi, loweka tena badala ya kupigilia misumari.

Namna ya kulitumia ina maana kuliko nguvu. Udongo mkavu hauachii. Mwagilia jioni iliyotangulia kiasi cha ndoo moja ya lita 20 kwa mita moja ya mraba, au subiri siku moja baada ya mvua ya kutosha. Anzia ukingoni, nje kidogo ya eneo lenye magugu. Zamisha meno yote, usivute mara moja: sukuma mpini mbele kwanza ili bonge liachie chini, kisha inua. Tikisa, okota kwa mkono. Hatua ya mwisho ndiyo watu wanaoiruka. Jembe uma halimalizi gugu, linakuletea gugu juu ili wewe ulimalize. Mtu akikuambia jembe uma halimsaidii, muulize ndoo ya kuokotea ilikuwa wapi.

Kwa kitalu kidogo cha mboga kilichovamiwa na ndago tunapendekeza kuchekecha udongo wote wa juu, sentimita 20, kwenye wavu wa matundu yasiyozidi sentimita moja. Kwa eneo la mita 1 kwa 4 ni kazi ya nusu siku. Inachosha, na hakuna dawa inayoifikia kwa matokeo.

Usitupe ulichokusanya kwenye shimo la mboji. Sangari na ukoka uanike juu ya bati hadi vishina vivunjike kwa sauti vinapokunjwa; kwa jua la Januari na Februari ni kama wiki moja, kwa masika inaweza isiwezekane kabisa. Viazi vya ndago vinahitaji zaidi, kama wiki mbili, kwa sababu ganda hukauka na kiini kikabaki hai. Kipasue kimoja utazame: kikiwa bado cheupe na chenye unyevu, endelea kuanika. Kongwe ipelekee sungura au ng'ombe.

Ndago zitarudi hata baada ya kazi nzuri. Sasa unazifuata kila baada ya wiki mbili hadi tatu, kabla hazijafikisha jani la tano au la sita, kwa sababu kuanzia hapo zinatengeneza viazi vipya. Kila chipukizi linalotolewa mapema limekula akiba ya kiazi bila kuirudisha. Halafu panda kitu cha kufunika ardhi: viazi vitamu, maboga, kunde. Ndago hupenda jua kali, kivuli huidhoofisha sana. Nailoni nyeusi, ambayo baadhi ya maduka huiuza kama suluhisho la magugu yote, ndago huitoboa na kutokea juu. Kwa mashona nguo na mchicha pori nailoni hiyo inafanya kazi, ingawa matandazo ya majani makavu ya unene wa sentimita 7 hadi 10 yanafanya kazi ile ile bure.

Jembe la kusukuma

Madukani ni adimu. Fundi wa kuchomelea anaweza kulitengeneza kutokana na kipande cha springi ya gari: bamba la upana wa sentimita 15, lililonolewa ukingo wa mbele, kwenye mpini mrefu unaokuwezesha kusimama wima. Unalisukuma sentimita mbili tu chini ya uso wa udongo, na linakata miche shingoni. Litumie saa tatu asubuhi siku ya jua, miche ikiwa chini ya sentimita 5, na udongo wa juu ukiwa mkavu. Mvua ikiwa karibu, ahirisha, kwa sababu miche iliyokatwa itajishika upya. Ukizidi sentimita mbili unaleta juu mbegu zilizokuwa zimelala na unaanza upya. Kwa mistari ya mchicha, karoti na vitunguu hakuna zana ya haraka kuliko hii. Kwa ndago na sangari haina maana.

Katikati ya matofali ya uani usinunue zana yoyote maalumu. Bisibisi bapa ndefu na birika la maji yanayochemka vinatosha.

Glaifoseti

Hapa kuna mambo mengi, na maelezo ya dukani ni haba.

Glaifoseti iliingia sokoni mwaka 1974 kwa jina la Roundup, na leo inauzwa kwa majina mengi mno. Inaingia kupitia majani mabichi, inasafiri na sukari ya mmea hadi mizizini, na kuziba kimeng'enya ambacho mmea hauwezi kuishi bila kukitumia. Kila kosa la matumizi linatokana na mambo hayo. Inahitaji jani, jani liwe kijani na likue, na dawa ipate muda wa kushuka.

Kwanza namba za kwenye lebo. Chupa iliyoandikwa 480 na iliyoandikwa 360 mara nyingi zina nguvu sawa. Gramu 480 kwa lita ni uzito wa chumvi ya glaifoseti, gramu 360 ni glaifoseti yenyewe iliyomo ndani ya chumvi hiyo. Ukilipa zaidi kwa sababu ya 480, umelipia hesabu. Zipo pia zenye nguvu zaidi kweli, na za chembechembe zinazopimwa kwa gramu. Hizo fuata vipimo vya lebo yake, usitumie tunavyotoa hapa.

Kwa aina ya kawaida ya 360, magugu ya msimu huhitaji kama lita 2 kwa hekta na ya kudumu kama sangari, ukoka na ndago kama lita 4, mara nyingine zaidi. Kwa nyumbani hekta haikuambii kitu, kwa hiyo pima bomba lako. Weka alama eneo la mita 10 kwa 10. Jaza maji matupu kiasi unachokijua, pulizia kwa mwendo wako wa kawaida hadi eneo liishe, kisha pima yaliyobaki. Tuseme umetumia lita 3. Eneo hilo ni sehemu moja ya mia ya hekta, hivyo kwa magugu ya kudumu unahitaji mililita 40 za dawa ndani ya lita 3 hizo, na kwa ya msimu mililita 20. Bomba la lita 16 lililojaa litachukua takribani mililita 213 na 107. Lebo ikisema tofauti, lebo ndiyo inayofuatwa. Pima kwa bomba la sindano au chombo chenye alama. Vifuniko vya chupa vina ukubwa tofauti, na "vifuniko vitatu" si kipimo.

Kwa hesabu hiyo lita moja inatosha mita za mraba 2,500. Kiwanja cha mita 20 kwa 20 kilichojaa sangari kote kinahitaji mililita 160. Usinunue lita moja kwa sababu ya unafuu wa bei. Chupa inayobaki stoo miaka miwili kwenye nyumba yenye watoto haina unafuu wowote.

Inashindwa lini? Sababu ya kwanza ni maji. Glaifoseti hunaswa na udongo wa mfinyanzi, kwa hiyo maji ya mfereji wenye tope yanaiua kabla haijafika kwenye jani. Maji magumu, yenye chokaa nyingi kama ya visima vingi vya pwani juu ya mwamba wa matumbawe, yanaifunga pia. Tumia maji ya mvua. Ukiyakosa, yeyusha mbolea ya SA (salfeti ya amonia) kwenye maji kwanza, gramu 160 hadi 320 kwa lita 16, chuja kwa kitambaa, ndipo utie dawa. Ukitia dawa kabla ya SA umechelewa, chokaa imekwisha kuifunga.

Sababu ya pili ni kufyeka kwanza. Watu hufyeka ili "dawa ishike vizuri", na wanakuwa wameondoa mlango wa kuingilia. Acha majani yafikie sentimita 15 hadi 20 ndipo upulizie. Ya tatu ni vumbi na ukame: majani yaliyonyauka hayasafirishi kitu. Subiri wiki moja au mbili baada ya mvua kuanza. Ya nne ni mvua ndani ya saa sita baada ya kupulizia. Ya tano ni haraka ya mwenye shamba. Majani huanza kugeuka manjano baada ya wiki moja hivi, mara nyingine mbili, na akiona siku ya nne bado ni kijani analima au anarudia. Usiguse magugu ya kudumu kwa wiki mbili.

Halafu kuna magugu yenyewe. Kwa sangari na ukoka tunaipa glaifoseti alama nzuri, ukirudia mara moja kwenye machipukizi. Kwa ndago alama ya wastani: inaua viazi vilivyounganika na majani mabichi tu, vile vilivyolala havikuguswa, kwa hiyo tegemea kurudia kila vinapotoa majani ya kutosha. Kwa kongwe alama ya chini. Ina ustahimilivu wa asili dhidi ya dawa hii, na eneo linalopuliziwa glaifoseti msimu baada ya msimu huishia kuwa la kongwe tupu, kwa sababu washindani wake wote wamekufa. Ukiiona inaongezeka, weka bomba chini ushike jembe uma.

Dawa hii haichagui. Tone kwenye jani la nyanya ni nyanya iliyokufa. Isiguse gome la kijani la mpapai mchanga, na usipulizie chipukizi la mgomba ukidhani unapunguza machipukizi: linashirikiana shina la chini na mama yake. Kwa gugu lililojificha katikati ya mawaridi au mboga, pakaa kwa brashi badala ya kupulizia: sehemu moja ya dawa kwa mbili za maji, kwenye majani ya gugu pekee, bila kudondosha.

Kuhusu afya, kuna mabishano na si haki kuyaficha. Mwaka 2015 shirika la utafiti wa saratani la WHO, IARC, liliiweka kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani kwa binadamu. Mamlaka ya mazingira ya Marekani na ya usalama wa chakula ya Ulaya zilifikia hitimisho tofauti, na Umoja wa Ulaya uliongeza kibali chake mwaka 2023 kwa miaka 10. Yasiyobishaniwa ni haya: aina nyingi zina sabuni inayowasha macho vibaya na kuua samaki na viluwiluwi, kwa hiyo isipuliziwe karibu na bwawa au mfereji, na usiichanganye wala kuihifadhi kwenye ndoo ya bati la mabati, kwani humenyuka na chuma na kutoa gesi inayoshika moto. Plastiki tu.

Bomba la mgongoni

Lita 16, lile wengi wanaloliita solo hata kama si la kampuni ya Solo. Kwa bustani ya nyumbani ni kubwa mno. Lile la mkononi la lita 2 au 5 linatosha na halikuvujii mgongoni. Ukinunua la mgongoni, litie maji matupu, lipampu, liweke juu ya karatasi kavu robo saa kabla hujalipa. Linapovuja ni kwenye kifuniko, kwenye maungio ya mpira na kwenye kishikio, na mipira ya akiba iwepo kwenye boksi.

Nozeli inayokuja nalo kwa kawaida ni ya kutoa ukungu wa mviringo, nzuri kwa wadudu, mbaya kwa magugu kwa sababu ukungu mwembamba unapeperuka hadi kwa jirani. Badili uweke ya feni bapa, pampu taratibu, ncha ikae sentimita 40 hivi juu ya magugu. Kata kitako cha chupa ya maji ya lita 5 uivishe kwenye nozeli kama kinga unapopita karibu na mimea unayoitaka. Pulizia asubuhi umande ukishakauka, upepo ukiwa mdogo, ukiwa na glavu za mpira, miwani, suruali juu ya mabuti (si ndani yake, dawa inatiririka kuingia), na usinyonye nozeli iliyoziba kwa mdomo. Wapo wanaofanya hivyo kila siku. Tumia mswaki mkuukuu. Watoto na kuku wasiingie siku hiyo nzima. Ikiingia jichoni, osha kwa maji yanayotiririka robo saa. Ikimezwa, usimtapishe mtu, mpeleke hospitali pamoja na lebo.

Parakwati na 2,4-D

Parakwati inavutia kwa sababu majani yanaungua siku hiyo hiyo. Imeunguza majani tu, ndago na sangari zinarudi baada ya wiki chache. Funda moja dogo linaweza kuua mtu mzima, mapafu yakiharibika polepole kwa siku kadhaa, na hakuna dawa ya kuiondoa mwilini. Umoja wa Ulaya hauiruhusu tangu 2007. Kwa ukoka uliofyekwa uani, hatari hiyo haina sababu.

2,4-D ni kwa nyasi za uani zilizovamiwa na majani mapana. Haiui nyasi wala ndago. Chagua aina ya amini, ya esta hupaa kwa joto na kufika mbali. Kama una majani ya Pemba, jaribu kipande cha mita moja kwanza, usubiri wiki mbili, kwani nyasi za jamii hiyo huumia kwa urahisi. Nyanya, kunde na pamba hujikunja kwa kiasi kidogo mno cha 2,4-D, hata kile kilichobaki kwenye mpira wa bomba. Bomba lililowahi kuibeba lisipuliziwe nyanya tena. Liandike kwa rangi.

Siki ya jikoni inaunguza miche midogo basi. Chumvi na oili chafu vinaua magugu, na udongo nao pia, kwa muda mrefu.

Unapolipa

Sili ya kifuniko iwe haijaguswa, lebo iwe na namba ya usajili ya mamlaka ya viuatilifu (TPHPA kwa Tanzania, PCPB kwa Kenya), tarehe ya kuisha muda na maelezo ya Kiswahili. Anayekupimia kwenye chupa ya soda usinunue kwake, hata kama unahitaji mililita 40 tu. Chupa ikiisha, isuuze mara tatu, kila mara ukimwaga maji hayo ndani ya bomba la dawa na kuyapulizia pale pale kwenye magugu, kisha itoboe ili mtu asije akawekea mafuta ya taa au maji ya kunywa.